Bingwa wa Tumbo Yuko Mbali: Rufaa na Bima Ufukweni mwa Mweru



Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya tumbo, na najua wengi mmekuja mkitaraji kutajiwa dawa. Dawa nitazitaja kwa kupita tu. Leo nataka kushika jambo ambalo watu huliona dogo mpaka siku linapowafika: ukiambiwa kwamba shauri lako linahitaji daktari bingwa wa tumbo, unaanzia mlango gani, na kadi yako ya bima itakufikisha wapi?

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akiulizwa hivyo hutazama nani yuko jirani na kwake, akapiga simu kuuliza kama wanapokea bima yake, kisha akapanda daladala au matatu. Sisi wa Nchelenge na Kashikishi, huku Zambia ufukweni mwa ziwa Mweru, hatuna njia hiyo. Bingwa wa tumbo na ini hayuko mtaa wa pili. Waliopo nchini ni wachache na kituo chao kikuu ni Lusaka, katika ile hospitali kubwa ya kufundishia ya Chuo Kikuu ambayo kila mtu anaiita UTH. Katika hospitali kubwa za Copperbelt, yaani Ndola na Kitwe, utapata mabingwa wa magonjwa ya ndani na wapasuaji wanaofanya kipimo cha kamera ya tumbo. Kutoka hapa hadi Mansa peke yake ni zaidi ya kilomita 200, na ukienda Lusaka kwa kuzungukia Samfya na Serenje ni kama kilomita 1,000. Njia ya mkato ipo, ya daraja la Chembe mpaka Mokambo, ila inakatiza ardhi ya Kongo, na mgonjwa asiye na karatasi zake kamili atakwama mpakani akiwa ameshikilia tumbo.

Kwa hiyo neno langu ni hili, na yote nitakayosema yanalizunguka: kwetu sisi, kumpata bingwa ni kazi ya kufuata mlolongo, na mwenye ufunguo wa mlolongo huo ni tabibu wa kituo kilicho karibu nawe. Anayekurupuka kwenda moja kwa moja kwa bingwa humaliza fedha kabla hajamwona, na kadi yake ya bima humgeuka.

Kwanza tuulizane, nani hasa anamhitaji bingwa huyu? Wengi wenye kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo hawamhitaji. Miaka mingi watu waliamini vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua mdudu aishiye tumboni, Helikobakta pailori, na walipopuuzwa, Marshall mwaka 1984 alikunywa maji yenye wadudu hao akaugua tumbo yeye mwenyewe ili awaoneshe wenzake. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Faida yake kwako ni kwamba vidonda vingi sasa hutibika kwa dawa mbili za kuua wadudu pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku kumi au kumi na nne, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa bila kupanda basi. Sharti ni kumaliza dozi. Anayenunua vidonge vinne vinne sokoni huwafundisha wadudu kuizoea dawa.

Bingwa anahitajika dalili zinapobadilika sura: chakula kinakwama kifuani na kila mwezi unahamia kwenye chakula laini zaidi, mara ugali, mara uji, mara maji, choo kimekuwa cheusi kama lami, macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji huku mikono ikikonda, au umetapika damu. Hapo asitokee mtu wa kukuambia usubiri mwezi wa tatu, marufuku ya uvuvi iishe na samaki warudi.

Hilo la kutapika damu tulikalie kidogo, maana linatuhusu watu wa maziwa kuliko watu wa mjini. Kichocho cha matumbo humwingia mtu akiwa ndani ya maji, anapovuta nyavu, anapofua, anapooga. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, hutaga mayai, na mayai mengine husukumwa na damu mpaka kwenye ini, yakanasa huko. Mwili huyazungushia makovu. Mwaka hadi mwaka makovu yanabana mishipa inayopitisha damu ndani ya ini, damu ikakosa njia, ikarudi nyuma. Bandama inavimba mpaka mtu anaishika kwa mkono chini ya mbavu za kushoto. Mishipa ya umio, ambayo kazi yake si kubeba mzigo huo, inatanuka na kuwa myembamba. Halafu siku moja kijana aliyekuwa mzima jana, asiyekunywa hata pombe, anatapika beseni zima la damu. Jirani husema amerogwa. Wengine husema ni kifua kikuu. Kumbe ni mshipa wa umio umepasuka, na aliyeuandaa ni kichocho cha utotoni.

Huyo anamhitaji bingwa kwelikweli. Kwanza aongezewe damu hapa hapa, katika Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi, maana mtu hasafirishwi kilomita mia mbili akiwa anavuja. Akishatulia apelekwe panapo kamera. Bingwa hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera mdomoni, huuona mshipa uliovimba, huunyonya kidogo na kuufunga kwa kijipira kidogo cha raba, na baada ya siku kadhaa mshipa hunyauka. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa yote iishe. Msilisahau hilo la kurudiwa, kwa sababu ndipo bima na nauli zinapogombana.

Sehemu ya elimu hii, nafurahi kusema, imekusanywa hapa Zambia. Pale UTH kuna kundi la watafiti wa magonjwa ya tumbo lililojengwa kwa miaka mingi na Profesa Paul Kelly, na ndani yake wamekulia mabingwa Wazambia. Dk. Edford Sinkala amewachunguza kwa makini wagonjwa ambao ini lao limeharibiwa na kichocho. Dk. Violet Kayamba amefuatilia saratani ya umio na ya tumbo, na utafiti aliouongoza uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba moshi wa nyumbani ni mmoja wa vichochezi vya saratani ya umio. Mama zangu mnaokausha samaki kwa moshi wa kuni, mmenisikia. Wala msidhani saratani ya tumbo ni ugonjwa wa vikongwe. Wagonjwa walio chini ya miaka 45 si wachache katika nchi hii.

Nitoke nje ya njia kidogo. David Livingstone alifika kwenye ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, na kwa mfalme Mwata Kazembe akamkuta mfanyabiashara Mwarabu, Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Kiswahili si mgeni ufukweni hapa. Livingstone alikuwa daktari kwa kusomea. Alikuwa na bawasiri inayotoa damu, na alipokuwa Uingereza mwaka 1864 alishauriwa apasuliwe, akakataa. Mwanzoni mwa 1867 sanduku lake la dawa likapotea baada ya kuibwa na waliomtoroka njiani. Akaendelea kutembea, akiharisha damu, mpaka akafia kijijini kwa Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake waliomfungua tumbo ili kuukausha mwili, akiwemo Farijala aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, walikuta bonge la damu iliyoganda upande wa kushoto, kubwa kama kiganja cha mtu. Kisha watumishi wake Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili huo hadi Bagamoyo. Sitaki kulaumu marehemu. Nasema tu kwamba aliyekuwa na elimu yote ya udaktari ya zama zake aliahirisha tumbo lake, na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Turudi kwenye mlolongo. Kituo cha afya cha mtaani au kijijini ndicho mlango wa kwanza. Kutoka hapo ni hospitali ya wilaya au ya misheni, kisha hospitali ya mkoa, ambayo kwetu ni Mansa, kisha hospitali za rufaa za Ndola, Kitwe na Lusaka. Ada za kumwona mganga katika vituo vya vijijini ziliondolewa mwaka 2006, kwa hiyo mlango wa kwanza haugharimu kitu. Ukiruka ngazi ukaenda juu bila barua, hospitali kubwa hukutoza ada ya kuruka ngazi, na watu wa bima watakuuliza rufaa yako iko wapi.

Barua ya rufaa basi ni mali. Itazame kabla hujaondoka. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha taifa, ugonjwa unaodhaniwa, dawa ulizokwisha kupewa, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, muhuri, na jina la kitengo unakopelekwa. Barua iliyoandikwa «maumivu ya tumbo» tu itakuweka foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje, ukae siku tatu Lusaka kabla hujafika kwa anayehusika. Iliyoandikwa «ametapika damu mara mbili, bandama imevimba, ameongezewa damu, anahitaji kipimo cha kamera» itasomwa tofauti. Usione haya kumwomba tabibu aongeze mstari. Mwambie kwa adabu, «Daktari, naomba uandike na ile damu niliyoongezewa.» Halafu mwombe jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza: apige simu. Daktari akimpigia daktari mwenzake kuuliza siku ya kliniki ya tumbo, anapata jibu ambalo wewe ungelihangaikia wiki nzima.

Sasa kadi. Mamlaka ya bima ya afya ya taifa, NHIMA, ilianzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2018. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 1. Michango ilianza kukatwa Oktoba 2019, na huduma zikafunguliwa Februari 2020. Mvuvi, mchuuzi na mwenye kibanda hujiandikisha mwenyewe na kuchangia kwa kadiri ya kipato chake. Hospitali za serikali, za misheni na za binafsi zinaweza kusajiliwa kupokea kadi hiyo, lakini kila moja husajiliwa kwa huduma zake. Hapo ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu wanauliza swali moja wakati yanahitajika matano.

Simu huwa hivi:

«Habari za kazi, dada. Mnapokea NHIMA?»

«Tunapokea, baba.»

Wengi hukata simu hapo, wakauza samaki, wakapanda basi. Usikate. Endelea:

«Na kipimo cha kamera ya tumbo, kadi inalipa hapo kwenu?»

«Hilo ngoja nikuunganishe na dawati la bima.»

Ukiunganishwa, uliza kama mashine ya kamera inafanya kazi wiki hii na daktari wake yuko siku gani. Uliza rufaa itoke ngazi ipi ili waikubali. Uliza pia nini utalipa kwa fedha taslimu, maana bingwa akiona kidonda cha kutilia shaka hukata kipande kidogo cha nyama ili kipelekwe maabara, na bili ya maabara huweza kusimama peke yake. Mwisho andika jina la uliyezungumza naye na tarehe. Simu hiyo labda haitakuwa ya Kiswahili. Itakuwa ya Kibemba, Kinyanja au Kiingereza. Asiyeweza amwite kijana wa sekondari amsaidie, na amlipe soda.

Msidhani shida hii ni ya Zambia peke yake. Tanzania, tarehe 1 Machi 2024, hospitali kadhaa za binafsi ziliacha kupokea kadi ya bima ya NHIF kwa mgogoro wa bei mpya, na watu waliokuwa na miadi wakakuta mlango umefungwa kwa kadi yao. Kenya, tarehe 1 Oktoba 2024, mfuko wa zamani wa NHIF uliondoka ikaingia SHA yenye makato ya asilimia 2.75, na wagonjwa wengi walikaa dirishani wakisubiri mtandao uwatambue. Orodha ya hospitali zinazopokea kadi hubadilika. Jibu la mwaka jana halitoshi kwa safari ya kesho.

Na mkumbuke kadi haivuki ziwa. Kwa mtu wa Isokwe au Kilwa kisiwani, ng'ambo ya Kongo inaonekana kwa macho, na kutoka Kilwa ya bara hadi Lubumbashi ni karibu kuliko kutoka hapa hadi Lusaka. Wako wanaokwenda kutibiwa huko, wana ndugu huko, lugha wanaijua. Sina ugomvi nao. Ila wajue kwamba huko watalipa kwa mfuko wao, kila faranga. Vivyo hivyo ndugu zangu wafanyabiashara mnaotoka Tunduma kununua samaki wakavu: kadi ya NHIF ya Tanzania hapa Kashikishi ni plastiki tu.

Kwa ndugu wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala nina neno la peke yake. Makazi yale yalifunguliwa Januari 2018 kwa waliokimbia mapigano ya mikoa ya Katanga ya Juu na Tanganyika, Kongo, kuanzia Agosti 2017, wengi wakipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Mlolongo wenu ni ule ule, kuanzia zahanati ya makazini, ila mna karatasi moja zaidi: kibali cha kutoka. Kiombwe siku ile ile rufaa inapoandikwa, na kihesabu siku za kurudi kliniki, maana nimesema mishipa hufungwa kwa kurudiarudia. Jambo lingine ni majina. Kwa desturi ya Kongo mtu huandikwa jina la kwanza mwisho, na hapa Zambia karani huligeuza. Ukiwa Ilunga Kabwe Joseph kwenye karatasi moja na Joseph Ilunga kwenye nyingine, kompyuta inaona watu wawili. Sahihisheni mambo hayo mkiwa wazima.

Yako pia maduka na vibanda vyenye vibao vya «bingwa wa tumbo». Zambia ina Baraza la Taaluma za Afya, HPCZ, linalosajili madaktari na zahanati na kutoa vyeti. Mwenye zahanati halali hutundika cheti chake ukutani bila kuombwa. Muulize kipo wapi. Akikasirika, umepata jibu.

Nimebakiza malalamiko, na nayasema hadharani kwa sababu wenye mamlaka wanasoma vitu vilivyochapwa. La kwanza ni nauli. Bima inayolipia kamera ya Lusaka lakini ikamwacha mgonjwa wa Nchelenge ajitafutie basi, chakula na mahali pa kulala, yeye na anayemsindikiza, na hayo yote mara nne au tano mpaka mishipa iishe, ni nusu ya bima. Mtumishi wa Lusaka na mvuvi wa Kashikishi wanaweza kuchangia sawasawa, wa kwanza akatibiwa na wa pili akafa na kadi mfukoni. Dawa yake haiko mbali. Timu ya bingwa na mashine yake isafiri kwenda Mansa kwa ratiba inayojulikana, wagonjwa wa mkoa mzima wa Luapula wakusanywe siku hizo. Bingwa mmoja kupanda gari ni rahisi kuliko wagonjwa arobaini kupanda basi.

La pili ni kalenda. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unapigwa marufuku ili samaki wazaliane. Ni sheria nzuri. Lakini mchango wa bima unadaiwa kila mwezi, kana kwamba mvuvi ana mshahara. Miezi mitatu mfuko mkavu, mchango unasimama, kadi inalala, na miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa, ya malaria na ya kuhara. Mamlaka iweke utaratibu wa kupokea mchango wa mwaka mzima wakati wa samaki wengi, na ofisa wake aje kukaa soko la samaki, asisubiri watu wamfuate mjini. Halmashauri nayo ibandike ukutani pale sokoni, kila mwisho wa mwezi, orodha ya hospitali zinazopokea kadi na siku za kliniki ya tumbo. Karatasi moja na gundi.

Na nyinyi wenye watoto wanaocheza majini kutwa, siku za kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni msiwafiche watoto nyumbani kwa kuogopa kichefuchefu cha siku moja. Kidonge hicho ndicho kinachomzuia mwanao asije akamhitaji bingwa wa Lusaka akiwa na miaka 25.

Marufuku ya uvuvi inaanza tarehe 1 Desemba. Anayetaka kadi yake iwe hai Januari aweke akiba ya mchango kabla ya hapo, ziwa likiwa bado wazi.